'Acha uanaharakati': jinsi jina la heshima lilivyogeuzwa kejeli

Siku hizi mtu anayetaka kulalamikia barabara mbovu, bili ya maji isiyoeleweka au mtoto aliyechapwa shuleni hadi akalazwa, huanza kwa kujisafisha: "Mimi si mwanaharakati, ila..." Fungulia redio asubuhi, wakati wasikilizaji wanapopiga simu, hutakaa muda mrefu kabla ya kuisikia kauli hiyo. Wanaisema walimu, wanaisema mawakili, wanaisema hata wabunge wa chama tawala wanapotaka kumuuliza waziri swali lenye ncha kidogo. Kwanza mtu anajitenga na jina, ndipo anaeleza shida yake. Asipojitenga, atatokea wa kumbandika: "Huo sasa ni uanaharakati." Na hapo mazungumzo yameisha, wakati barabara bado ina mashimo na bili bado haijaeleweka.

Haikuwa hivi zamani. Tuliokuwa tukisoma magazeti ya Kiswahili miaka ya 1990 tunakumbuka neno hilo likitangulia jina la mtu kwa heshima ileile ya "mwalimu" au "daktari". Lilikuwa kwenye kadi za mialiko, kwenye vyeti vya tuzo, na mtu akifariki lilisomwa kwenye wasifu wake makaburini. Kati ya heshima ile na kejeli hii ya leo kuna watu waliofanya kazi ya kuligeuza, na wengine walioliacha ligeuzwe. Wote wanastahili kutajwa.

Tuanze na ukweli ambao vijana wengi hawajaambiwa: harakati ilikuwa mali ya dola kabla haijawa ya asasi. Vitabu vya historia vya shule za msingi vilitufundisha "harakati za kudai uhuru" na "harakati za ukombozi Kusini mwa Afrika", na vyote vilitungwa na serikali. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963 hadi ilipomaliza kazi 1994. Kongwa kulikuwa na kambi za wapiganaji wa kusini, na Mazimbu kule Morogoro wakimbizi wa ANC ya Afrika Kusini wakajenga shule na hospitali. Serikali ilitumia fedha za nchi maskini kuwalisha na kuwahifadhi watu ambao serikali za kwao ziliwaita magaidi, na raia tukaambiwa tuone fahari. Tukaiona. Jina lenyewe liliundwa kwa heshima. Kiswahili hakimpi kila mtu hicho kiambishi cha "mwana" kwa moyo mkunjufu. Tunacho mwanasheria, mwanasayansi, mwanajeshi, watu tunaowatambua kwa shughuli yao.

Kabla ya hapo, mkoloni alikuwa na jina lake kwa watu wa aina hiyo: wachochezi. Mwaka 1958 Julius Nyerere alishtakiwa kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya wawili katika jarida la Sauti ya TANU, akatiwa hatiani, akapewa kuchagua kati ya faini ya shilingi 3,000 na kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa. Miaka mitatu baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa nchi huru. Kila ninapomsikia kiongozi wa leo akilitamka neno "mchochezi" kwa hasira, nawaza kama anakumbuka lilianzia kinywani mwa nani.

Kilichofuata baada ya mfumo wa chama kimoja kulegea ni kwamba wananchi wa kawaida, na hasa wanawake, waliichukua harakati kutoka kwenye vitabu na kuileta nyumbani. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilianza mwaka 1987 kikiwa na kikundi kidogo cha waandishi waliochoka kuona habari za wanawake zikiandikwa kama vichekesho. Wakaanzisha jarida lao, Sauti ya Siti, kwa kumuenzi mwimbaji wa taarab Siti binti Saad. Mtandao wa Jinsia, TGNP, ukafuata 1993, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu 1995.

Ningependa wasomaji wasiozaliwa wakati huo wajue hali waliyoikuta wanawake hao. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikuwa na kitu kilichoitwa Punch. Lilikuwa kundi la siri la wanafunzi wa kiume. Waliandika maneno na kuchora picha za aibu juu ya mwanafunzi fulani, mara nyingi msichana aliyemkataa mmoja wao, wakabandika ukutani mahali ambapo chuo kizima kitapita. Mwandishi hakujulikana. Aliyechorwa alijulikana sana, na aliyeonekana kumkaribia alijiweka katika hatari ya kuwa wa pili. Watu wazima walijua. Wengi walisema ni utani wa chuoni. Mwaka 1990 msichana mmoja aliyeandamwa hivyo alijiua.

TAMWA hawakukubali jambo hilo liitwe utani. Waliandika, wakadai majibu, wakaanza kuwapokea wanawake na wasichana waliokuwa na mikasa kama hiyo na ambao hawakuwa na pa kwenda. Walikuwa na mbinu yao: jambo moja linaandikwa na magazeti na redio nyingi kwa wakati mmoja, mfululizo, mpaka mbunge asiweze kusema hakusikia. Mwaka 1998 Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyoweka adhabu nzito kwa ubakaji. Mwaka uliofuata sheria mpya za ardhi zikatamka kwamba mwanamke ana haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Mwanamke anayekwenda leo mahakamani kudai kiwanja chake anatembea kwenye njia iliyofyekwa na watu hao. Wakati ule waziri akikaribishwa kwenye mkutano wao alikuja, akasimama, akawaita "ndugu zangu wanaharakati" bila kumung'unya.

Hata hivyo, dalili mbaya ilikuwa imeshaonekana. Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, likiongozwa na Anna Tibaijuka, lilipoanza kuwafundisha wanawake namna ya kupima wagombea kabla ya uchaguzi wa 1995, serikali ililishutumu kwamba linafanya siasa. Likasimamishwa, na mwaka 1997 likafutiwa usajili. Mahakama Kuu ilikuja kusema kwamba hatua hiyo ilikwenda kinyume na Katiba, lakini hukumu hiyo ilitoka mwaka 2009, na Baraza lilikuwa limeshasambaratika. Somo lililobaki kwa asasi nyingine lilieleweka vizuri: mwanaharakati anapendwa akizungumzia ukeketaji na maji, asipendwe akizungumzia kura.

Nimesema kuna walioliacha jina ligeuzwe, na sitaki kuwakwepa. Fedha za wafadhili zilipomiminika mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, harakati ikawa ajira. Zikazaliwa NGO za mfukoni, ofisi yake begi la mkononi na mhuri. Warsha zikahamia hotelini. Watu wa vijijini wakaja kuambiwa shida zao wenyewe, wakatia saini karatasi ya mahudhurio, wakapokea posho na nauli, wakarudi. Ripoti ya mateso ya mfugaji wa Ngorongoro ikaandikwa kwa Kiingereza, ikazinduliwa Dar es Salaam, na mfugaji mwenyewe hakuiona. Profesa Issa Shivji, ambaye amekaa katika harakati tangu ujana wake pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyaandika haya mapema: kwamba asasi zikiishi kwa mradi wa miaka mitatu na kwa lugha ya mfadhili, zitapoteza uwezo wa kufikiri pamoja na watu zinaodai kuwasemea. Hakusikilizwa vya kutosha. Matokeo yake, siku dola ilipoamua kulichafua jina, mkulima na mama ntilie hawakusimama kulitetea. Kwao mwanaharakati alikuwa mtu wa gari lenye nembo.

Ndipo ikaja miaka ya Rais John Magufuli, na msamiati ukabadilika kwa kasi. "Mabeberu" likarudi kutoka enzi za ukombozi, ila safari hii halikumlenga beberu wa nje peke yake. Lilimlenga na Mtanzania aliyeonekana kuzungumza naye. Mwanaharakati akawa "anayetumiwa". Upande wa pili likawekwa jina "mzalendo", na ikawa kana kwamba mtu mmoja hawezi kuwa yote mawili.

Suala la wasichana waliopata mimba shuleni linaonyesha vizuri jinsi hilo lilivyofanya kazi. Juni 2017, akiwa mkoani Pwani, Rais alitangaza kwamba katika utawala wake hakuna mwanafunzi mwenye mimba atakayerudi shuleni baada ya kujifungua, na asasi zinazotaka warudi zikajenge shule zao. Siku chache baadaye Waziri wa Mambo ya Ndani akatishia kuzifutia usajili asasi zitakazoendelea kuwatetea. Kwa miaka minne aliyesema mtoto huyo arudi darasani aliambiwa anahamasisha uasherati, anatumika, hana maadili ya Kiafrika. Halafu, Novemba 2021, serikali ya chama kilekile ilitangaza kwamba wasichana hao wanaweza kurudi. Hoja iliyoruhusu warudi ni ileile iliyokuwa ikitolewa na wanaharakati, karibu neno kwa neno. Naishukuru serikali kwa uamuzi ule na nasema hivyo kwa dhati. Lakini sijasikia popote wale waliotukanwa kwa kusema mapema wakiombwa radhi, wala sijui nani atawarudishia shule wasichana wa miaka ile minne, ambao sasa wana watoto wa kwenda shule wao wenyewe.

Katika kipindi hichohicho jina lilipata pigo jingine, la ajabu zaidi. Cyprian Musiba alijitokeza akijiita "mwanaharakati huru". Kazi yake ilikuwa kuitetea serikali na kuwaandama wakosoaji wake hadharani, kwa majina, akiwatuhumu kwa mambo makubwa. Mmoja wao, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje Bernard Membe, alikwenda mahakamani, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaamuru alipwe mabilioni ya shilingi kwa kuchafuliwa jina. Fidia ile ilikuwa ya Membe. Jina la wanaharakati nalo lilikuwa limechafuliwa, ila halina wakili. Msomaji wa kawaida aliyekuwa akiangalia pande zote mbili akaanza kuamini kwamba mwanaharakati ni mtu anayepiga kelele kwa niaba ya aliyemtuma, na kilichobaki ni kujua tu katumwa na nani.

Wakenya walipita njia kama hiyo, nao walianzia upande wa pili wa kilima. Mwaka 1989 mtetezi wa mazingira Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 lililotaka kumeza sehemu ya bustani ya Uhuru Park, wabunge walimdhihaki bungeni na shirika lake likatimuliwa kwenye ofisi za serikali. Mwaka 1992 alikaa bustanini humo na akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliokuwa wamegoma kula, polisi wakawapiga mpaka akazimia. Jengo halikujengwa. Mwaka 2004 alipopata Tuzo ya Nobel ya Amani, jina lililokuwa dhihaka likawa fahari ya taifa, na waliokuwa wenzake barabarani wengi walikuwa wameshaingia madarakani na serikali ya muungano wa NARC. Haikudumu. Baada ya uchaguzi wa 2013, asasi zilizounga mkono kesi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai na zilizopinga matokeo mahakamani zilibandikwa jina jipya na wafuasi wa utawala: kutoka asasi za kiraia, kwa kuchezea Kiingereza kidogo, zikawa "asasi ovu". Mwaka huohuo kukawa na mswada wa kuzizuia zisipokee zaidi ya asilimia 15 ya fedha zao kutoka nje. Bunge liliukataa Desemba. Jina baya lilibaki.

Yote hayo yalikutana Dar es Salaam Mei 2025, wakati wa kesi ya uhaini ya kiongozi wa upinzani Tundu Lissu katika Mahakama ya Kisutu. Wakenya kadhaa waliokuja kuisikiliza walirudishwa kutoka uwanja wa ndege. Miongoni mwao alikuwa Dk. Willy Mutunga, Jaji Mkuu mstaafu wa Kenya, mtu aliyesomea sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam enzi ambazo vijana wa Afrika nzima walikuja Mlimani kujifunza ukombozi. Sisi ndio tuliomfundisha harakati, sisi ndio tuliomzuia kwenye uwanja wenye jina la Nyerere kwa kuwa mwanaharakati. Wanaharakati Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda waliruhusiwa kuingia, wakakamatwa, na siku kadhaa baadaye wakakutwa wameachwa karibu na mipaka ya nchi zao. Wote wawili walieleza kwamba waliteswa. Polisi wa Dar es Salaam hawakuyakubali maelezo hayo.

Siku ya kukamatwa kwao, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa akizindua sera ya mambo ya nje, na akaonya kwamba wanaharakati wa nchi jirani wasipewe nafasi ya kuja kuvuruga mambo yetu. Maneno hayo yaliniumiza kwa sababu moja. Kabla ya siasa, Rais wetu alikuwa Mkurugenzi Mtendaji wa ANGOZA, mwavuli wa asasi zisizo za kiserikali za Zanzibar. Anazijua asasi kwa ndani: ukame wa bajeti zake, watu wake wanaofanya kazi usiku, na tofauti kati ya anayetafuta posho na anayetafuta haki. Kama kuna kiongozi katika kanda hii ambaye angeweza kulitaja jina hilo bila kulifanya sumu, ni yeye.

Naomba tuliangalie jambo hili linavyofika chini, kwa sababu viongozi husema kwenye maikrofoni na maneno yao hutumika kwenye mabenchi. Niliwahi kuhudhuria mkutano mkuu wa kijiji kimoja cha Pwani, chini ya mwembe, watu wengine wamekalia matofali ya shule. Kisheria taarifa ya mapato na matumizi husomwa kila baada ya miezi mitatu. Mtendaji alisoma haraka, jumla tu, akafunga daftari. Mama mmoja, kanga begani, akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, naomba kujua hela ya pampu. Kila kaya tulitoa elfu tano. Pampu haijaguswa."

"Mama, taarifa imeshasomwa."

"Imesomwa jumla, mwenyekiti. Mimi nauliza ya pampu."

Mwenyekiti akatabasamu, akawageukia wengine. "Mama yangu, haya mambo ya uanaharakati tuwaachie wa mjini. Hapa tunajenga kijiji."

Watu wakacheka kidogo. Yule mama akabaki amesimama kitambo, akaketi. Aliyefuata, mzee wa makamo, alikuwa na swali hilohilo, nilimsikia akimnong'oneza jirani yake. Aliposimama akasema yeye si mwanaharakati, anaunga mkono taarifa, ila anaomba uongozi ulitazame suala la maji. Mtendaji hakuandika chochote kwenye muhtasari. Hakuwa na haja: hakuna aliyeuliza.

Yule mama hajawahi kwenda warsha wala kumjua mfadhili. Alikuwa na risiti ya elfu tano. Jina lililotengenezwa Dodoma na Nairobi kwa ajili ya watu wenye ofisi na vipaza sauti lilimkuta yeye, na kwake lilifanya kazi vizuri kuliko lilivyowahi kufanya kwa Shivji au Maathai, kwa sababu hao wana vitabu na wanasheria wa kuwasemea.

Baadhi ya rafiki zangu katika asasi wanasema dawa ni kuliacha jina, kutafuta jingine: watetezi, wadau, mabalozi wa mabadiliko. Siafiki. "Mdau" haimtishi mtu na haimdai mtu chochote. Mwenye kiwanda kinachomwaga maji machafu mtoni naye ni mdau. Jina jipya nalo litachafuliwa siku litakapoanza kuuliza swali la kweli. Ningependa kuona asasi zikiandika ripoti zao kwa Kiswahili kwanza, zikizisoma kijijini kabla ya hotelini, na zikibandika bajeti zao mlangoni ili yule mama wa pampu akiitwa mwanaharakati ajue ameitwa kitu gani. Na ningependa wahariri wenzangu tuache kuliweka jina hilo kwenye vichwa vya habari kana kwamba ni kosa la jinai.

Kuna jambo moja ambalo halijafungwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, wakati mvulana anasubiri miaka 18, na mahakama inaweza kutoa kibali hata kwa mwenye miaka 14. Rebeca Gyumi, mwanasheria kijana, alivipeleka vifungu hivyo mahakamani. Julai 2016 Mahakama Kuu ilisema vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Mwaka wa kurekebisha ukapita, sheria ikabaki ilivyo. Wanaoendelea kuuliza wanaambiwa wana haraka na wameingiwa na uanaharakati. Wanachouliza ni lini serikali itatekeleza amri ya mahakama yake yenyewe, na aliyeelekezwa kujibu ni Mwanasheria Mkuu.